Laptopu ya mtumba, mfumo wa bure: Kagua Wi-Fi kabla hujalipa

KWA mwenye duka la pembejeo Mbagala au mfugaji wa kuku wa mayai Bunju, laptopu ya mtumba imekuwa kifaa cha kazi kama ilivyo mizani. Ndimo inamokaa hesabu ya mifuko ya pumba na mashudu iliyotolewa kwa mkopo. Ndimo zinamoandaliwa ritani za Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na kwa kikundi kinachotaka kuuza mayai au mahindi shuleni, ndimo inamojazwa zabuni kupitia NeST, mfumo wa manunuzi ya umma ulioanza kutumika mwaka 2023.

Kazi hizo zinataka intaneti. Laptopu isiyoshika mtandao ni daftari la bei ghali, tena daftari linalohitaji umeme.

Nyingi ya laptopu hizo huingia nchini baada ya kutumika maofisini Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba. Hufikia Kariakoo, kisha husambaa Tandika, Mbagala Rangi Tatu, Manzese, Mwenge na Tegeta. Ni mashine imara, mara nyingi kuliko mpya za bei ya chini, kwa kuwa zilitengenezwa kwa ajili ya makampuni. Tatizo lake ni umri.

Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa mfumo wake wa Windows 10. Waliojiandikisha walipewa mwaka mmoja zaidi wa marekebisho ya usalama, hadi Oktoba 2026. Windows 11 nayo haizikubali rasmi laptopu nyingi zenye prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, kilichotoka mwaka 2017, na inadai pia chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Kwa hiyo mashine yenye kibodi nzuri na betri inayokaa inatangazwa kuwa imezeeka, wakati mwenyewe ndiyo kwanza ameinunua.

Kuna njia mbili za kukwepa hali hiyo bila kununua mashine nyingine. Ya kwanza ni kuwekewa Windows ya wizi, ambayo huja na virusi vyake na siku yoyote inaweza kuondoka na mafaili ya biashara. Ya pili ni kuweka mfumo wa programu huria wa familia ya Linux, kama vile Ubuntu, Linux Mint au Debian. Hiyo haina ada ya leseni, na nakala moja inaweza kuwekwa kwenye mashine kumi bila kuvunja sheria yoyote. Faili la Linux Mint linakaribia GB 3 na la Ubuntu 24.04 linazidi GB 5, hivyo wengi huona nafuu kunakili flashi ya fundi kuliko kumaliza bando.

Fundi huiweka kwa muda usiofika saa moja. Mashine inawaka, sauti ipo, kioo kinang'aa, kipanya kinatembea. Mwenye mali analipa, anafika nyumbani Chamazi au Toangoma, anatafuta alama ya Wi-Fi, mtandao usiotumia waya, na haioni.

Kosa hili linajirudia mno kuitwa bahati mbaya. Kwa anayefanya biashara ndogo maana yake ni fedha ya vifaranga mia kadhaa iliyolala mezani.

Chipu na siri zake

Ndani ya kila laptopu kuna kadi ndogo, pengine ndogo kuliko kiberiti, inayopokea na kutuma mawimbi ya Wi-Fi. Juu ya kadi hiyo kuna chipu. Mfumo wa kompyuta hauwezi kuiamuru chipu moja kwa moja. Unahitaji programu ndogo inayojua lugha ya chipu hiyo, ambayo mafundi huiita draiva. Zaidi ya hapo, chipu nyingi za Wi-Fi zinahitaji programu nyingine ya kuingizwa ndani ya chipu yenyewe kila mashine inapowashwa. Bila ya hiyo, draiva ipo lakini chipu imelala.

Mtengenezaji wa chipu ndiye anayeijua. Kwa miaka mingi watengenezaji waliandika draiva za Windows tu, na wakakataa kutoa maelezo ambayo yangewawezesha watu wengine kuandika za Linux. Ndiyo maana vitu kama kibodi, kamera au printa vinaweza kukubali bila taabu na Wi-Fi ikagoma kwenye mashine ileile.

Habari za programu huria si ngeni Dar es Salaam. Mwaka 2004, wakati Mlimani ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Kinondoni (sasa iko Ubungo), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, kwa ufadhili wa shirika la maendeleo la Sweden, Sida, katika mradi ulioitwa Kilinux. Mwishoni mwa mwaka huo mradi ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandika barua na kupanga mahesabu yenye menyu za Kiswahili, iliyotolewa bure. Ilikuwa kazi kubwa ya kutafuta istilahi, na ilistahili sifa kuliko iliyopata. Lakini tafsiri ina faida moja: maneno wanayo Waswahili wenyewe. Maelezo ya chipu yalikuwa yamefungiwa Marekani na Taiwan, na hakuna kamati ya istilahi ambayo ingeyapata.

Kampuni iliyosumbua watu zaidi ni Broadcom ya Marekani. Chipu zake zilijaa kwenye laptopu za HP na Dell za miaka ya 2000. Watu wa kujitolea waliipekua draiva iliyokuwamo kwenye ruta zenye chipu hizo, wakaandika maelezo ya namna chipu inavyofanya kazi, na wengine wakatengeneza draiva mpya kutokana na maelezo hayo. Draiva hiyo iliingia rasmi katika kiini cha Linux mwaka 2006. Ile programu ya kuingizwa ndani ya chipu, hata hivyo, ilibaki kuwa mali ya Broadcom, na haikuruhusiwa kugawiwa pamoja na mfumo. Mtumiaji alitakiwa kuitafuta mwenyewe kwenye intaneti.

Hapo likazaliwa swali la kuku na yai. Kati ya mwaka 2005 na 2011, Canonical, kampuni iliyoanzishwa na Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth, ilikuwa ikituma CD za Ubuntu kwa posta bila malipo hadi Afrika. Mtu aliweza kupata mfumo mzima bure kupitia sanduku la posta, akauweka, kisha akaambiwa kwamba ili Wi-Fi ifanye kazi ni lazima kwanza awe na intaneti.

Mambo yamebadilika sana tangu hapo. Mwaka 2008 kampuni ya Atheros ilitoa draiva huria kwa ajili ya chipu zake, na Broadcom yenyewe ilifuata kwa baadhi ya chipu Septemba 2010. Intel ilikuwa imeanza mapema zaidi. Debian, ambao kwa msimamo wao walikuwa hawaweki programu za siri kwenye diski ya kawaida ya kusakinisha, walipiga kura mwaka 2022 kulegeza msimamo huo, na toleo la Debian 12 la Juni 2023 lilikuja nazo tayari. Kwa anayenunua laptopu leo, nafasi ya kukuta Wi-Fi inakubali yenyewe ni kubwa. Lakini mtumba ni mtumba, na chipu za zamani bado ziko sokoni zikiuzwa kila siku.

Jaribio la dukani

Hakuna sababu ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Linux ina sifa moja ambayo Windows ya kawaida haina: inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi na kutumika bila kugusa kilichomo ndani ya mashine. Mnunuzi anakwenda dukani na flashi yake ya GB 8 au zaidi, anamwomba muuzaji aiwashe laptopu kwa flashi hiyo, na anachagua kujaribu bila kusakinisha. Muuzaji mwaminifu hana cha kupoteza. Anayekataa kabisa mashine yake isijaribiwe ana sababu zake, na mnunuzi naye awe na zake za kwenda duka la pili.

Mfumo ukishawaka, aangalie alama ya mtandao kwenye kona ya kioo. Kama duka halina Wi-Fi, awashe hotspoti ya simu yake na aone kama jina la simu linatokea. Likitokea, aunganishe na kufungua ukurasa wowote. Kuona jina tu hakutoshi.

Kisha aiache simu juu ya kaunta na kuondoka na laptopu hatua kumi au kumi na tano, ikiwezekana hadi nyuma ya ukuta. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayofichua antena. Laptopu iliyopita mikononi mwa mafundi wengi inaweza kuwa na waya wa antena uliochomoka au kukatika wakati kioo kilipobadilishwa. Itashika mtandao ikiwa jirani na simu, na kuupoteza ikifika chumba cha pili. Aidha, laptopu kadhaa za HP za katikati ya miaka ya 2010 zenye chipu ya Realtek RTL8723BE zilitoka kiwandani na antena moja tu, na draiva ya Linux ilikuwa ikisikiliza upande usio na antena. Hizo hutibika kwa kuongeza mstari mmoja kwenye mipangilio ya draiva kuchagua antena ya pili. Anayejua hilo anaweza kuomba apunguziwe bei, akaitengeneza mashine jioni ileile.

Kama alama ya Wi-Fi haipo kabisa, bado ni mapema kuihukumu kadi. Laptopu za zamani za HP, Dell na ThinkPad zilikuwa na kiswichi cha kuzima Wi-Fi pembeni au mbele, ambacho husukumwa na mkoba bila mtu kujua. Kiswichi kikiwa kimezima, hakuna mfumo utakaoiwasha kadi. Amri ya rfkill list, ikiandikwa kwenye dirisha la amri, huonyesha kama kadi imezuiwa na kiswichi au na mfumo.

Amri nyingine inayofaa kukaririwa ni lspci -nnk. Hutaja vifaa vilivyomo ndani, na chini ya kadi ya mtandao huandika jina la chipu na draiva inayoitumia. Ikitaja chipu bila kutaja draiva, tatizo limepatikana.

Majina ya kukumbuka

Chipu za Intel ndizo zisizo na usumbufu kwa mnunuzi wa mtumba. Laptopu nyingi za kiofisi, kama ThinkPad na Dell Latitude, zilikuja nazo. Atheros za zamani nazo ni nzuri, tena kimya kimya; draiva yao imetulia kwa miaka.

Broadcom inataka uangalifu. Chipu ya BCM43142, iliyotumika kwenye laptopu nyingi za bei nafuu za mwaka 2013 na iliyofuata, pamoja na ile ya MacBook nyingi za kati ya 2013 na 2015, haiendi bila draiva ya Broadcom yenyewe, ambayo si huria. Habari njema ni kwamba Linux Mint ina sehemu ya kusimamia draiva inayoweza kuichukua kutoka kwenye flashi ileile ya kusakinisha, hivyo kuku na yai wameachana. Kuna mtego mmoja: mashine ikiwa na ulinzi wa kuwasha uitwao Secure Boot, draiva hiyo hukataliwa hadi ufunguo wake usajiliwe au ulinzi huo uzimwe. Mafundi wengi huishia hapo na kusema kadi imekufa.

Realtek ni bahati nasibu. Nyingine zinakubali mara moja, nyingine zinasumbua hadi mtu anyooshe mikono.

Kama imeshanunuliwa

Wapo wanaosoma haya wakiwa tayari na laptopu iliyogoma. Kabla ya kutoa shilingi yoyote, wachukue waya wa kuchajia simu ya Android, waunganishe simu na laptopu, kisha kwenye mipangilio ya simu wawashe kushiriki intaneti kwa USB. Linux huitambua simu hiyo kama kifaa cha mtandao bila kuwekewa chochote. Simu ikiwa imeshika Wi-Fi ya dukani, kwa simu nyingi hata Wi-Fi hiyo hupita kwenye waya bila kula bando. Kwa intaneti hiyo mtu anaweza kupakua draiva anayoihitaji. Wafanyabiashara wengine huishi na waya huo miezi, na biashara inakwenda.

Waliozizoea modemu za USB za Huawei za miaka ya 2010 watakumbuka jambo linalofanana. Modemu ilipochomekwa ilijifanya kuwa CD yenye programu ya Windows, na ilihitaji kuambiwa igeuke kuwa modemu. Linux ilipata programu ya kufanya hivyo, usb_modeswitch, na siku hizi huja nayo.

Kubadilisha kadi ya ndani ni suluhisho la kudumu, kwa kuwa kadi ya Intel iliyotumika ni kifaa kidogo na fundi huifunga kwa dakika chache. Lakini iangaliwe kwanza aina ya nafasi iliyopo. Laptopu za kabla ya mwaka 2013 au karibu na hapo hutumia kadi za mini PCIe, na zilizofuata hutumia M.2, na haziingiliani. Hata kwenye M.2 kuna tofauti: kadi ya Intel AX200 hufanya kazi kwenye mashine nyingi, ilhali AX201, inayofanana nayo kwa sura, inahitaji mashine yenye prosesa ya Intel iliyoandaliwa kwa ajili yake. Aidha, ThinkPad na HP za zamani zina orodha ya kadi zinazoruhusiwa ndani ya BIOS. Ukiweka kadi isiyo kwenye orodha, ThinkPad huandika kosa namba 1802 na kukataa kuwaka. Hapo mtu amenunua kadi nzima isiyo na kazi, na muuzaji wa kadi hana kosa.

Njia inayopendwa ni vile vifaa vidogo vya Wi-Fi vya kuchomeka kwenye USB, vinavyopangwa juu ya meza barabarani. Hapa ndipo fedha nyingi za watu zinapopotea, kwa sababu jina la nje halisemi chipu iliyomo. Mfano unaojulikana duniani kote ni TP-Link TL-WN722N. Toleo la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros AR9271, ambayo Linux huipenda. Toleo la pili na la tatu zilikuja na chipu ya Realtek, zikiwa na jina lilelile. Aliyemwelekeza mwenzake kununua kifaa hicho kwa jina alikuwa anampeleka kwenye kifaa kingine bila kujua. Namba ya toleo huandikwa kwa herufi ndogo kwenye lebo, na mnunuzi asione haya kuomba aisome.

Kifaa kisicho na jina lolote ni bora kijaribiwe palepale kwa flashi ya Linux, au kiachwe. Draiva za vifaa hivyo hupatikana kwa watu binafsi mtandaoni, nje ya mfumo rasmi. Zinafanya kazi leo. Mfumo ukijisasisha na kubadili kiini, draiva inabaki imetengenezwa kwa kiini cha zamani na Wi-Fi inatoweka. Ikitokea hivyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani, mwenye duka ataujua waya wa simu ulipo. Afadhali imeanza kupatikana: kiini cha Linux toleo la 6.2, la Februari 2023, kiliongeza draiva rasmi kwa vifaa kadhaa vya USB vya Realtek, vikiwamo vyenye chipu ya RTL8821CU na RTL8822BU. Kwa hiyo mwenye kifaa cha aina hiyo kilichogoma mwaka 2021 anaweza kukitoa kwenye droo na kukijaribu tena kwa mfumo mpya.

Lipo pia tatizo dogo linalochanganya hata mafundi, nalo ni la laptopu iliyotoka Marekani. Kadi zake huweza kuwa zimefungwa kwa sheria za huko, ambako Wi-Fi ya gigahezi 2.4 kwa kawaida huishia chaneli ya 11. Ruta ya hapa ikijichagulia chaneli ya 12 au 13, laptopu hiyo huona mitandao ya majirani wote na kuukosa wa mwenye nyumba. Watu wamebadili draiva na hata kadi kwa ajili hiyo. Dawa yake iko kwenye ruta: ifunguliwe mipangilio yake, chaneli iwekwe 1, 6 au 11, na laptopu itauona mtandao.